Pumzi Ishirini

Saa moja kamili ya asubuhi, Sista Sekela Ngailo alisimama upande wa kushoto wa kitanda namba mbili, akanyoosha mikunjo ya sare yake, akaanza kukabidhi zamu.

"Edina Tweve, umri miaka ishirini na mitatu, mimba ya wiki thelathini na moja. Alilazwa juzi kwa maambukizi ya figo. Joto, thelathini na saba nukta nne. Mapigo ya moyo, themanini na nane. Upumuaji, ishirini. Sindano ya asubuhi amepata. Mkojo upimwe tena saa sita mchana. Nimekabidhi."

Kisha akazunguka miguuni mwa kitanda, akasimama upande wa kulia, akatulia kimya kama mtu anayesikiliza.

Edina alivuta blanketi hadi kidevuni. "Sista, samahani. Tangu juzi nataka kukuuliza. Unaongea na nani?"

"Nakabidhi zamu."

"Kwa nani?"

"Kwa muuguzi wa mchana."

Edina akautazama mlango, akalitazama dirisha lililojaa ukungu, akarudisha macho kwake. "Na huyo wa mchana ni nani?"

"Ni mimi."

Yule binti alicheka hadi akajishika ubavu. "Basi mwambie huyo wa mchana aache kunipa uji wa baridi. Wewe wa usiku una roho nzuri, lakini mwenzako huyo, mh!"

Sekela alitabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki nzima, na misuli ya mashavu yake iliona ugeni wa jambo hilo.

Katika chuo alichosomea stashahada, zamani kidogo, zamu ilikabidhiwa na watu wawili. Anayetoka alisimama kushoto, anayeingia kulia, mgonjwa katikati. Aliyetoka alisema yote aliyoyajua, kisha akasema, "Nimekabidhi." Aliyeingia alimtazama mgonjwa, akaangalia chati, na kama ameridhika alijibu neno moja: "Nimepokea." Kabla ya neno hilo hakuna aliyeruhusiwa kwenda nyumbani. Baada ya neno hilo mzigo haukuwa wako tena.

Hapa Nyaluhama, juu kabisa ya nyanda za baridi ambako mawingu hulala chini kuliko mapaa ya nyumba, muuguzi alikuwa mmoja tu. Walikuwa watano kabla ya ujio wa Shahidi. Sekela aliendelea kukabidhi kwa sababu alipenda utaratibu, na kwa sababu siku ambayo hakukabidhi alijikuta hajui kama jana imekwisha. Ila neno lile la pili hakulisema kamwe. Kujikabidhi alikubali. Kujipokea aliona kuwa ndio mwanzo wa wazimu.

Badala yake, Shahidi aliwasha taa ya kijani.

Shahidi alikuwa kifaa chenye ukubwa wa kifungo cha koti, kilichobanwa kifuani mahali ambapo wauguzi wa zamani walining'iniza saa zao. Aliona kile ambacho muuguzi alikiona, alisikia alichokisikia, na kila mkono wa Sekela ulipogusa ngozi ya mgonjwa alisoma joto, mapigo na shinikizo la damu. Usiku alilinda vitanda, mchana aliandika kumbukumbu, na katika sikio la kushoto alikuwa mwalimu. Kwa njia hiyo Chuo cha Uuguzi kwa Masafa kiliwasomesha shahada wauguzi waliokwisha kuajiriwa bila kuwaondoa kazini hata kwa siku moja. Zamu ilikuwa darasa, wodi ilikuwa maktaba, na kila kumbukumbu iliyoandikwa kikamilifu ilihesabiwa kuwa sehemu ya mtihani. Kisanduku kimoja kitupu kwenye chati kilipunguza alama. Kwa miaka mitatu Sekela hakuacha kisanduku kitupu.

"Una ujumbe wa Chuo," Shahidi alisema sikioni, kwa ile sauti yake isiyo na umri. "Umetimiza masharti yote ya maandishi. Mtihani wa mdomo ni Alhamisi saa nne asubuhi. Pia tunakupongeza: kumbukumbu zako zimeonekana kuwa kamili kuliko za kituo chochote cha nyanda za juu, na zimeteuliwa kuwa Mwongozo."

Sekela alikaa juu ya kitanda namba moja, kilichokuwa kitupu.

"Mwongozo wa nini?"

"Wa vituo arobaini na viwili visivyo na muuguzi. Vitanda vya huko vitapima na kuamua kwa kufuata ulivyopima na kuamua wewe. Baada ya mtihani, utahamishiwa hospitali ya mkoa, wodi ya wanawake. Wodi hiyo ina wauguzi kumi na wawili."

Kumi na wawili. Alilirudia neno hilo kimoyomoyo. Aliona chumba cha chai, vikombe kumi na viwili, mtu akilalamika kwamba nani amemaliza sukari. Alitamani ugomvi huo wa sukari kama mwenye kiu anavyotamani maji.

"Sista," Edina aliita, "mbona unalia?"

"Nimefaulu," alisema Sekela. "Karibu nifaulu."

*

Saa saba mchana, wakati ambao mtandao ulitulia, alipigiwa na Mwanaidi Shaame wa Pemba. Kundi lao la masomo lilianza likiwa na watu saba. Watano waliacha njiani, mmoja baada ya mwingine, bila kuaga. Wawili hawa hawakuwahi kuonana. Sekela alijua kikohozi cha Mwanaidi, jina la paka wake na namna alivyovuta chai kwa sauti, lakini wangepishana njiani wasingejuana.

"Shoga yangu, Mwongozo!" Mwanaidi alipiga kelele hadi Sekela akaisogeza simu mbali na sikio. "Nimesoma tangazo lao. Yaani nchi nzima itanesi kama Sekela! Wallahi nasikitika. Watu watafunikwa blanketi tatu tatu hata huku kwetu kwenye joto."

"Usinicheke."

"Nisikucheke wewe nimcheke nani? Paka?" Akavuta chai. "Haya, mbona sauti imelala? Mtu akishinda hunguruma, hanung'uniki."

Sekela alifunga mlango wa chumba cha dawa. "Mwanaidi, nikuulize jambo. Wewe upumuaji unahesabu?"

Kule ng'ambo ya pili kikombe kikawekwa mezani.

"Dakika nzima? Kwa kila mgonjwa?" Mwanaidi alicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa chembamba. "Mwenzangu, dunia nzima inapumua ishirini. Toka enzi za karatasi. Nani asiyeandika ishirini? Unamtazama mtu, yu hai, kifua kinapanda, unaandika ishirini unaendelea na safari."

"Shahidi hawezi kupima upumuaji."

"Najua. Blanketi linafunika kifua. Anaamini tunachomwambia."

"Ni kisanduku pekee anachotuamini sisi."

"Ndiyo, na sisi tuna mihadhara ya kusikiliza. Dakika moja mara vitanda, mara siku, mara miaka mitatu. Dakika hizo ndizo zilizotupa shahada, Sekela. Bila kuziiba tungesoma saa ngapi?" Akashusha sauti. "Wamegundua?"

"Hapana. Na hawatagundua."

"Basi funga mdomo. Chukua cheti chako, nenda kwenye watu. Nakuombea uende kwenye watu, sikiliza. Mtu hawezi kukaa peke yake hivyo akabaki mtu."

Walikaa kidogo kila mmoja akisikiliza pumzi za mwenzake. Kisha mtandao ukakatika, kama kawaida yake, pasipo yeyote kuaga.

*

Aliufungua Mwongozo mchana ule ule. Chuo kilikuwa kimemtumia nakala ya majaribio, na kwa tabia yake ya kutosaini kitu asichokisoma, aliketi mezani akaupitia ukurasa kwa ukurasa. Ulikuwa kazi safi. Aliona mikono yake mwenyewe ndani yake: namna alivyochelewesha dawa ya joto hadi mgonjwa anywe maji, namna alivyopandisha kichwa cha kitanda kabla ya kuuliza swali lolote. Aliona fahari, na hakuionea haya.

Akafika kwenye orodha ya dalili za hatari, zile zinazokifanya kitanda kuita ndege ya wagonjwa. Joto lilikuwemo. Mapigo ya moyo yalikuwemo. Shinikizo la damu, rangi ya midomo, kuchanganyikiwa. Akasoma mara mbili.

"Shahidi, upumuaji uko wapi?"

"Umeondolewa."

"Kwa nini?"

"Katika kumbukumbu zako za mwaka wa tatu, waliopona walipumua ishirini, na waliofariki walipumua ishirini. Kipimo kisichotofautisha hakina faida. Vitanda vya vituo visivyo na muuguzi havitaupima. Uamuzi huo umepunguza muda wa kila ukaguzi kwa dakika moja."

Sekela aliweka mikono yake juu ya meza, akaitazama.

Kila mwanafunzi wa uuguzi hufundishwa katika mwezi wa kwanza kwamba pumzi hutangulia. Moyo hujikaza na joto huweza kudanganya, lakini mwili unaoanza kushindwa huharakisha pumzi kwanza, saa nyingi kabla ya mengine, na ndiyo maana muuguzi huhesabu dakika nzima, wala si nusu yake akazidisha kwa mbili. Yeye mwenyewe alikuwa amewafundisha wengine hivyo. Na sasa vitanda vya vituo arobaini na viwili vilikuwa vinajiandaa kutotazama, kwa mamlaka yake.

"Nionyeshe waliofariki mwaka wa tatu."

Walikuwa wanne. Watatu kati yao alijua kwamba hata malaika wasingewarudisha. Wa nne alikuwa Mzee Philemoni Mbilinyi, umri miaka sabini na moja, aliyewahi kusimamia mabanda ya kukaushia pareto. Alilazwa kwa kikohozi. Joto halikuwa la kutisha. Mapigo tisini na sita. Upumuaji saa mbili asubuhi, ishirini. Saa sita mchana, ishirini. Saa kumi, ishirini. Alifariki kesho yake asubuhi, uji wake ukiwa bado unafuka mvuke kando ya kitanda.

Sekela alikumbuka alichokuwa akifanya saa sita ile. Kidole chake kilikuwa kwenye kifundo cha mkono wa mzee, na sikioni ulikuwa ukisemwa mhadhara wa kumi na nne wa somo la Uongozi na Utawala wa Huduma za Uuguzi. Mhadhiri alikuwa akieleza sifa saba za kiongozi bora. Alizikariri zote saba. Alipata alama tisini na moja.

*

Kanuni ya Chuo ilisema kwamba mtahiniwa atakayetumia mgonjwa aliyefariki katika mtihani wa mdomo lazima apate ridhaa ya familia kwa alama ya kidole gumba. Kwa hiyo Jumatano, baada ya dawa za saa tatu, Sekela alimwachia Shahidi wa akiba ulinzi wa Edina, akashuka bondeni kwa Mama Yusta, mjane wa Philemoni.

Alimkuta uani akigeuza maua ya pareto juu ya mkeka.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, Sista wetu. Karibu, karibu. Leo jua limekumbuka kutoka na wewe umekumbuka kututembelea?" Alikung'uta mikono, akavuta kigoda. "Kaa hapo. Nikuletee ulanzi? Au shahada imeshakukataza pombe?"

"Maji yanatosha, mama."

"Maji! Mtu atashuka mlima wote huu kwa ajili ya maji." Lakini aliyaleta, akaketi juu ya gogo, akamtazama kwa furaha. "Yusta amesoma mtandaoni kwamba ugonjwa wa baba yake utaingia kwenye vitabu vya mashine. Nikamwambia, unaona? Mzee alipenda kufundisha watu. Alikuwa anawafundisha vijana kukausha pareto hadi wanamkimbia."

Sekela alishika kikombe bila kunywa. Alikuwa ameipanga hotuba yake njiani, aya kwa aya, lakini aya zote zilikuwa zimemwacha.

"Mama, siku ile mzee alipolala pale kwangu, niliandika kwamba anapumua mara ishirini kwa dakika. Niliandika hivyo mara tatu. Sikuhesabu."

Mama Yusta aliendelea kutabasamu kwa muda, kama ambaye habari haijamfikia bado.

"Hukuhesabu?"

"Nilikuwa nasoma. Nilikuwa nasikiliza somo sikioni. Nilimtazama tu, nikaandika."

"Alikuwa anapumua ngapi?"

"Sijui, mama. Hakuna anayejua. Hilo ndilo kosa lenyewe."

Yule mama aligeukia mkeka wake, akaokota ua moja lililoanguka, akalirudisha mahali pake. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya chini.

"Mimi nilikuambia. Nilikuambia, Sista, huyu anahema. Nilikuwa nimekaa pale kwenye kiti, nimeshika kofia yake. Nikasema, anahema kama aliyepanda mlima, na yuko kitandani. Unakumbuka ulichonijibu?"

"Nakumbuka."

"Kiseme."

"Nilisema, usiwe na wasiwasi mama, Shahidi ameona kila kitu."

"Ndivyo." Akatikisa kichwa taratibu. "Na mimi nikanyamaza. Nikajiambia, mashine imesoma, sista amesoma, mimi nimesoma nini? Mwaka mzima nimejilaumu kwa kuwa na wasiwasi bure karibu na mgonjwa. Nilidhani nilimtia hofu."

Jogoo alipita katikati yao. Hakuna aliyemfukuza.

"Ungehesabu," Mama Yusta aliuliza, "angepona?"

"Sijui. Ningejua mapema. Ningeita ndege, ingefika kwa saa moja. Huenda angepona, huenda asingepona. Ningekuwa nasema uongo mwingine nikikuambia najua."

"Sasa umekuja nikusamehe?"

"Hapana, mama. Nimekuja kwa sababu kesho nataka kuwaambia wakubwa wangu, na sheria inataka kidole chako. Usipotoa, nitawaambia bila kumtaja mzee. Lakini watatafuta hitilafu kwenye mashine kwa miezi, na mashine haina hitilafu. Imeniamini tu."

"Wakishajua, watakufanya nini?"

"Shahada wataizuia. Leseni, baraza litaamua. Uhamisho hautakuwapo."

"Kwa hiyo utabaki hapa hapa. Kwetu." Mama Yusta alisema hivyo pasipo ukali wala upole. "Peke yako na kile kidude."

"Wakiniruhusu."

Mjane alinyoosha mkono. Sekela alidhani anataka kikombe, akampa, lakini mkono uliendelea kusubiri, dole gumba limeinuliwa. Akambandua Shahidi kifuani, akamsogeza. Dole likagusa. Taa ikawaka kijani.

"Sema jina lake lote," alisema Mama Yusta. "Philemoni Atukuzwe Mbilinyi. Usiseme mgonjwa wa nne. Na sasa nenda, Sista. Leo sitaweza kukusindikiza."

Ilikuwa desturi ya watu wa huko kumsindikiza mgeni hadi kwenye kijito. Sekela alipanda mlima peke yake, na hakugeuka nyuma.

*

Alhamisi saa nne kasoro dakika tano alisimama upande wa kushoto wa kitanda namba moja. Shuka lilikuwa jeupe na limenyooshwa, wala hapakuwa na mtu juu yake. Kwenye kitanda namba mbili Edina alikuwa ameambiwa asicheke, naye aliitikia kwa uzito mkubwa.

Wasaili walikuwa watatu, wakisikika kupitia Shahidi, lakini aliyesema alikuwa Mwalimu Kunambi, mwanamke mzee aliyefundisha uuguzi tangu enzi za chati za karatasi. Kwa miaka mitatu Sekela alimsikia mara moja tu kwa muhula. Mengine yote yalisemwa na mashine.

"Muuguzi Ngailo, hujambo?"

"Sijambo, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Mtihani wa mwisho wa Chuo chetu ni mmoja tu kwa wote. Tukabidhi mgonjwa mmoja, yeyote umtakaye. Sisi ndio zamu inayoingia. Anza ukiwa tayari."

Sekela alinyoosha mikunjo ya sare yake. Alianza polepole, kwa mpangilio aliofundishwa, kwani mpangilio ulikuwa kitu pekee kilichomshika mkono.

"Philemoni Atukuzwe Mbilinyi, umri miaka sabini na moja, aliyekuwa msimamizi wa mabanda ya pareto. Alilazwa kwa kikohozi cha siku tisa. Joto, thelathini na saba nukta nane. Mapigo ya moyo, tisini na sita." Akavuta hewa. "Upumuaji, haukuhesabiwa."

"Samahani," sauti ya kiume iliingilia. "Chati mbele yetu inasema ishirini."

"Chati nimeiandika mimi. Haukuhesabiwa. Mkewe, aliyekuwa kando yake, alieleza kwamba mgonjwa anahema kama aliyepanda mlima. Maelezo hayo hayakuandikwa. Katika mwaka wa tatu wa masomo, upumuaji wa wagonjwa wangu wengi haukuhesabiwa. Niliutumia muda huo kusikiliza mihadhara. Naomba visanduku vyote vya upumuaji vya mwaka huo vifutwe, viachwe vitupu. Mwongozo uliojengwa juu yake umejifunza kwamba pumzi haina maana. Ina maana. Vitanda vya vituo arobaini na viwili visiwashwe. Mgonjwa alifariki saa mbili na robo asubuhi."

Halafu akamalizia: "Nimekabidhi."

Aliwasikia wale wengine wawili wakinong'ona, kiti kikiburuzwa, mtu akisema neno "aibu" na mwingine akisema neno "baraza". Alingoja. Alikuwa na uzoefu wa kungoja ndani ya kimya. Alikuwa ameufanyia mazoezi kila asubuhi kwa miaka mitatu, upande wa kulia wa kitanda.

"Muuguzi Ngailo," Mwalimu Kunambi alisema hatimaye. "Kabla sijaendelea, sharti ujue unapoelekea. Shahada hii nitaizuia leo hii. Mwongozo tutausimamisha. Baraza litakuita, na mimi nitakuwapo, wala sitakutetea kwa jambo usilostahili. Uhamisho umekufa. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mwalimu."

"Unaweza bado kusema ulichanganyikiwa kwa uchovu. Tungeandika hivyo."

Sekela alilitazama shuka lililonyooka. "Sikuchanganyikiwa, Mwalimu."

"Haya." Yule mzee alipumua kwa nguvu, na pumzi ile ilisikika wazi kutoka mbali yote ile. "Mimi nimewasaili wauguzi mia tatu kwenye mtihani huu. Wote wamenikabidhi wagonjwa waliopona." Kalamu ikasikika ikiandika. "Philemoni Atukuzwe Mbilinyi, upumuaji haukuhesabiwa, mke alisema anahema. Nimepokea."

Sauti ikakatika. Taa ya kijani ikawaka, ikazimika.

Sekela alishika chuma cha kitanda. Hakujua amesimama pale kwa muda gani. Miaka mitatu neno lile halikuwa limesemwa na mtu yeyote ndani ya chumba kile, na sasa lilipokwisha kusemwa alihisi uchovu wa zamu zote, mmoja juu ya mwingine, ukimshukia mabegani kwa pamoja.

"Sista," Edina alinong'ona. "Naweza kucheka sasa?"

"Unaweza, mdogo wangu."

"Basi sina hamu tena."

Sekela alikwenda kwenye droo ya chini ya kabati la dawa. Chini ya mabunda ya pamba palikuwa na saa yake ya kwanza, ile ya kubandika kifuani, yenye uso uliogeuzwa ili aisomaye awe mwenye kuivaa. Aliitia ufunguo. Ikaanza kutembea kama ambayo haijawahi kusimama. Alimbandua Shahidi akamweka mezani, mhadhara wowote ambao ungesemwa usemwe hewani, akavuta kiti hadi kando ya kitanda namba mbili.

"Unanipima nini?" Edina aliuliza.

"Usiniongeleshe kwa dakika moja. Lala tu kama ulivyolala."

Akaliteremsha blanketi hadi kiunoni mwa mgonjwa. Nje, ukungu ulikuwa umeanza kupanda kutoka bondeni, na njia ya kwenda kwa Mama Yusta haikuonekana. Sekela aliusubiri mshale ufike juu kabisa, kisha akahesabu, midomo ikicheza bila sauti, macho yake mara kwenye saa, mara kwenye kile kifua cha binti kilichopanda na kushuka.

Mshale ukarudi juu.

Ishirini.

Hakushika kalamu. Alikaa akiitazama saa, akangoja mshale uzunguke ufike juu tena, akaanza kuhesabu upya.